Kabla Basi Halijafika

Jua lilikuwa limeinamia upande wa ziwa nilipomkuta mwalimu wa shamba akirudi kinyumenyume kwenye tuta la viazi. Mkononi alikuwa na uma wa shambani wenye meno manne ya chuma. Kila baada ya hatua mbili aliuchoma ubavuni mwa tuta, akaulalia kidogo, udongo ukafura kama unga uliotiwa hamira, kisha akauchomoa na kupapasa kwa viganja mpaka ufa ukapotea. Hakutoa kiazi hata kimoja. Nilidhani anavuna, kumbe alikuwa anaulegeza udongo kwa ajili ya vidole vya watoto wa miaka minane ambao wangefika kesho yake asubuhi.

Nilimuuliza kwa nini anahangaika kufuta ufa. Akanijibu kwamba mtoto akiuona atajua kuna mtu aliyemtangulia, na kiazi kitakuwa cha mtu huyo.

Udongo ukiwa mgumu, mtoto wa mjini hukata tamaa kabla hajatoa kiazi cha kwanza. Ukiwa laini kupita kiasi, atavizoa viazi kama mchanga wa kuchezea na kesho hatakumbuka kitu. Kipimo cha mwalimu yule ni kidole chake mwenyewe cha shahada: kikizama mpaka pingili ya pili na kukwama hapo, tuta liko tayari. Alipima tuta zima namna hiyo, amepiga magoti, na alipofika mwisho alirudi sehemu mbili akazishindilia upya kwa sababu aliona zimelegea mno.

Shamba lenyewe liko Vermont, jimbo dogo la kaskazini mashariki mwa Marekani, kwenye bonde la Ziwa Champlain. Mimi hufika pale kwa kazi ya ukalimani. Miji ya Burlington na Winooski imepokea familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na Somalia, na darasa linapokwenda shambani huwamo watoto wanne au watano ambao Kiingereza bado hakijawakaa mdomoni, basi shule huniita niandamane nao. Mara ya kwanza nilikwenda nikidhani nitatafsiri majina ya mboga na kurudi nyumbani. Misimu imepita, na siku hizi nafika jioni ya kuamkia safari, nje ya saa zangu za kazi, ili nimtazame mtu yule akijiandaa.

Kamusi zetu huyaita majira yale vuli, na kila nikilitumia neno hilo kule najikwaa. Kwetu Muheza, Tanzania, vuli ni mvua. Ni Oktoba mpaka Desemba, ni harufu ya vumbi lililolowa, ni mbegu za mahindi zimefungwa pembeni mwa khanga na mama anakuhimiza muwahi shamba kabla ya jua kali. Vuli ya Vermont ni karibu miezi ileile, lakini kazi yake ni ya kufunga. Majani ya miti yanageuka mekundu na manjano kisha yanapukutika, maboga yanakusanywa, viazi vinaingizwa stoo, na kila kilicho laini kinasubiri umande ugande usiku mmoja na kukiua. Watoto waliofika karibuni kutoka Uvira au Bujumbura hushuka kwenye basi wakiniuliza leo tunapanda nini. Swali hilo halijawahi kunichosha kulijibu.

Basi ni la njano, kama mabasi yote ya shule za huko, na watoto hushuka na kelele za safari nzima. Mwalimu wa shamba hamnyamazishi mtu. Husimama mahali alipopachagua tangu jana, jua likimpiga yeye usoni, ili wao wakimtazama wasifinye macho. Ilinichukua msimu mzima kuling'amua hilo. Nilikuwa namwona amekunja uso nikafikiri ndiyo sura yake. Halafu huzungumza kwa sauti ya chini, chini kuliko zogo lao, na wa mbele wakiinama wasikie, wa nyuma nao husogea wajue wenzao wanasikia nini. Dakika mbili hazipiti, duara limejiunda. Wakati huo huwa keshawahesabu, keshamwona mwenye viatu vitakavyoingia maji, na keshamteua yule asiyetulia kuwa mfungua lango. Na kazi ya lango ni kazi kweli, kwa sababu upande wa pili kuna ng'ombe, na likiachwa wazi watatoka.

Masharti ya uzio wa umeme na ya kunawa mikono baada ya kushika wanyama huyasema mara moja, kwa sentensi nne, kisha wanaondoka kwa mwendo wa yule mwenye miguu mifupi kuliko wote.

Kwenye tuta la viazi hatoi maelezo. Mashina yalishanyauka wiki kadhaa nyuma, na juu ya ardhi hakuna cha kuona ila mabua ya kahawia. Husema tu kwamba jiko la shule linahitaji kilo 40 za viazi kwa chakula cha Alhamisi, na kwamba viko hapa chini. Hupiga magoti, huingiza mikono yake udongoni, na kunyamaza.

Mwanzo watoto huchimba kwa ncha za vidole, kama watu wanaopekua mfuko wa mgeni. Kiazi cha kwanza huleta ukelele, na baada ya ukelele huo hutamwona tena mtoto anayejali kucha. Wanagundua wenyewe kwamba viazi havikai kimoja kimoja: ukishika kimoja, fuata uzi mweupe uliokishikilia, utafika kwa ndugu yake. Wanagundua kwamba vingine ngozi imekaza na vingine inatoka ukivisugua kwa kidole gumba, na mwenye vya namna ya pili huletwa aeleze amevitoa wapi. Wakimletea kilichogeuka kijani, hukipokea kwa heshima, husema neno moja, “sumu,” na kukiweka kando. Kiazi kilichopigwa na jua hufanya ukijani, na pamoja na ukijani huo hujitengenezea solanini, kinga yake ya uchungu dhidi ya walao. Ufafanuzi huo huutoa baadaye, kwa atakayeuliza. Atakayeuliza huwa hakosekani, kwa sababu neno “sumu” halimpi mtoto usingizi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo bado linaniuma. Msichana mmoja, mtulivu, wa familia iliyotoka Kivu, alitoa udongoni kitu kilichosinyaa kama korosho iliyooza, cheusi, chepesi, na ngozi tupu. Akakigeuzageuza. Akanitazama, akauliza kwa Kiswahili, “Hii imekufa, mama?” Nami, kwa pupa ya mkalimani anayetaka kuonekana ana faida, nikamwambia palepale kwamba hicho ndicho kiazi cha mbegu, kilichopandwa mwezi wa tano, na hivi vyote vimetoka ndani yake. Akasema, “Sawa, mama,” akakiweka chini, akaendelea kuchimba.

Mwalimu wa shamba alinitaka nimtafsirie tulichosema. Nikamtafsiria. Hakunilaumu. Mchana, tulipokuwa tunaosha ndoo, akaniambia kwa upole, “Alikuwa karibu kufika.” Kisha akanisimulia kwamba kila mwaka, katika kulegeza tuta, akiyagusa makoo hayo yaliyosinyaa huyaacha palepale yalipo, katikati ya watoto wake, na kwamba mtoto akiachiwa dakika tatu na kitu kile mkononi huanza kulinganisha uzito, hutazama nyuzi zinakoelekea, na mara nyingi hutamka mwenyewe neno “mama.” Tangu siku ile nimejifunza kutafsiri swali na kulitua mbele ya wote, bila kulijibu. Ni kazi ngumu kuliko tafsiri yoyote niliyowahi kufanya mahakamani au hospitalini.

Kwa nini jambo hili linanigusa hivi? Shuleni kwetu jembe lilikuwa adhabu. Umechelewa namba, kalime. Umepiga kelele darasani, kalime mpaka kengele ya mchana. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alitaka shamba liwe sehemu ya masomo, wanafunzi waone jasho lao linaleta nini na waamue pamoja mapato yatumikeje. Wazo hilo lilikuwa jema na mimi bado naliamini. Lakini katika mikono ya baadhi ya waliotulea lilishuka likawa kiboko cha pili. Tulilima mahindi, tukapalilia, tukavuna, na siku ya kupakia magunia tuliambiwa tusimame kando. Gari liliondoka na hatukuonja hata ya kuchoma. Wenzangu wengi wa darasa lile wamekua wakiamini kwamba kulima ni kazi ya aliyekosa. Siwalaumu, ndivyo tulivyofundishwa kwa mikono yetu, na kinachofundishwa kwa mikono hakitoki kwa maneno.

Ndiyo maana nilipomsikia mwalimu wa shamba, mwanamke yule, akiwatajia watoto kilo 40 za Alhamisi, nilisimama. Aliwapa kazi yenye mwisho unaoonekana, na mwisho wenyewe uko kwenye sahani yao.

Upande wa pili wa barabara kuna wanaofanya kinyume chake. Mashamba mengi ya Marekani, ikifika Oktoba, hugeuka viwanja vya furaha: trela la majani makavu, njia za kupotezana ndani ya mahindi, rundo la maboga ya kuchongwa nyuso ambayo mengi hayataliwa na mtu. Wakulima wanahitaji fedha hizo na sina neno nao. Ila mtoto anayetoka pale ametembelea sherehe. Chakula hajakutana nacho.

Ufundi huu una ukoo. Miaka ya 1890 kilimo cha jimbo la New York kiliyumba, vijana wakamiminika mijini, na Chuo Kikuu cha Cornell kikaanza kuwaandalia walimu wa shule za vijijini masomo ya kuwatazamisha watoto mimea, wadudu na udongo. Liberty Hyde Bailey aliongoza juhudi hizo, na Anna Botsford Comstock, mtaalamu wa wadudu na mchoraji, akazibeba kwa miaka mingi. Mwaka 1911 Comstock alichapisha kitabu kinene cha kumsaidia mwalimu asiye na utaalamu wowote. Kati ya mambo aliyoyasisitiza, moja linanirudia kila nikisimama kwenye tuta la viazi: kwamba mwalimu anaweza kumwambia mtoto “sijui” bila kuvunjiwa heshima, kisha wakatazama pamoja. Sisi tuliolelewa na walimu waliojua kila kitu tunahitaji muda kulimeza hilo.

Kabla ya hapo, watoto wa kaskazini hawakuhitaji ziara. Wao ndio walikuwa nguvukazi. Likizo ya shule ya mwezi wa kumi huko Denmark na Norway ilianza kama likizo ya viazi, na katika Kaunti ya Aroostook, jimboni Maine, bado ziko shule zinazofungwa kwa wiki kadhaa wakati wa mavuno ili wanafunzi wakubwa wakasaidie kuvuna viazi. Kenya nako vilabu vya 4-K, Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilifuata nyayo za vile vya 4-H vya Marekani na kuwapa watoto bustani na mifugo ya kutunza. Vermont ya leo imeupanga ukoo huo upya. Shelburne Farms, lililokuwa shamba la kifahari la familia ya Webb tangu 1886, liligeuzwa taasisi ya elimu mwaka 1972, na kwa kushirikiana na chama cha kilimo hai cha jimbo likaanzisha mwaka 2000 mpango wa kufundisha chakula darasani, shambani na jikoni kwa pamoja. Mwaka 2010 Baraza la Wawakilishi la Marekani liliunga mkono Oktoba kuwa mwezi wa kuunganisha mashamba na shule nchini kote. Hayo yote ni mazuri, lakini maazimio hayawezi kupapasa udongo mpaka ufa upotee. Kazi hiyo inabaki kwa mtu aliyepiga magoti.

Kutoka kwenye viazi watoto hupanda mteremko kwenda kwenye mitufaha. Nasema mtufaha kwa kufuata vitabu. Wauza matunda wa Dar es Salaam wataniambia epo, na Mzanzibari nikimtajia tofaa atanielewa lile jekundu la maji maji, la mti mwingine kabisa. Mtoto wa kwanza kulishika tunda mtini, mwaka jana, alilizungusha akitafuta kitu. Alikuwa anatafuta kibandiko.

Namna ya kulichuma wanafundishwa kwa kuonyeshwa mara moja, polepole. Kiganja kinakaa chini ya tunda. Kisha linainuliwa na kubingirishwa mpaka kitako chake kitazame juu, na kikonyo kinaachia chenyewe kwa mlio mdogo. Ukilivuta kwa kushuka, unang'oa na kile kijiti kifupi chenye makunyanzi ambacho limeshikamana nacho, na katika kijiti hicho limeshakaa chipukizi la maua ya mwakani. Jambo hilo mwalimu wa shamba hulieleza kwa kugusa tu: huchukua kidole cha mtoto, hukiweka juu ya chipukizi hilo lenye manyoya laini, na kusema, “La mwakani.” Nimewaona watoto wakishusha sauti wakiwa karibu na tawi baada ya hapo.

Baadaye mwalimu wa shamba huketi nyasini na kuwagawia watoto vipande vya matufaha mawili bila kuwaambia tofauti. La kwanza ni gumu, linakausha ulimi, lina ladha ya kiazi kibichi. La pili linatoa maji na utamu. Wakishakunja nyuso na kuzikunjua, ndipo huyakata mengine mawili kwa mkato wa kiunoni, nyota ya vyumba vitano vya mbegu ikaonekana, na kudondoshea kila nusu matone ya iodini. Nusu ya tunda changa hugeuka nyeusi ya bluu karibu yote. Nusu ya tunda lililoiva hubaki nyeupe kuanzia moyoni, na weusi unajibana pembeni karibu na ganda. Iodini huonyesha wanga, na wanga ndio unaogeuka sukari tunda linapoiva, ukianzia katikati kwenda nje. Mkulima mwenyewe hutumia jaribio hilo kuamua siku ya kuchuma. Mwalimu mwingine angeanza na iodini, kwa kuwa inashangaza. Huyu huanza na ulimi, na iodini inapokuja inakuta swali limeshakaa mdomoni.

Siku moja mtoto aliuliza kama akipanda mbegu atapata tunda hilohilo. Lilikuwa McIntosh, jekundu lenye ubavu wa kijani, linalopendwa sana kule kwa kustahimili baridi. Mwalimu wa shamba akanigeukia, kwa sababu nilikuwa nimemsimulia habari za Muheza, na akaniomba niwaeleze namna babu alivyobebesha michungwa. Basi nikawaeleza: unaotesha mche wa limau, unapasua ganda lake kwa wembe, unapachika jicho la mchungwa mtamu, unafunga kwa nailoni, na mizizi ya limau inalisha matunda ya chungwa. Yeye akamalizia kwamba kila McIntosh duniani imetokana kwa njia hiyo na mti mmoja tu, ambao mkulima John McIntosh aliukuta akisafisha pori huko Ontario, Kanada, mwaka 1811. Watoto waliutazama mtufaha ulio mbele yao kwa muda. Mmoja akauliza kama unajua kwamba ni mzee hivyo.

Kwenye maboga ndiko nilikoona ufundi wake ukipimwa na jambo asiloliandaa.

Ilikuwa mwisho wa Septemba, kabla ya baridi ya kuua. Shamba lile lina kipande ambamo mahindi, maharage na maboga yamepandwa pamoja, kwa desturi ya wenyeji wa asili wa upande huo: maharage yanapanda mahindi, majani mapana ya maboga yanafunika ardhi. Watoto wetu hawakuona cha ajabu. Bibi zao ndivyo wanavyopanda, mazao yaleyale matatu yaliyovuka bahari kutoka Amerika karne nyingi nyuma na kuzoea udongo wetu mpaka tukayaona ni ya kwetu tangu mwanzo. Mwalimu wa shamba alikuwa anawaonyesha boga lenyewe, mkono wake ukigonga ganda ili wasikie. Mvulana mmoja wa Kongo hakulitazama boga. Alikuwa ameinama kwenye ncha changa ya mtambaa, na akaniambia, “Hii majani tunakulaka.”

Nilikumbuka somo la tuta la viazi. Nikatafsiri, nikanyamaza.

Wazungu wa upande ule hawayali majani ya maboga; huyaacha yaoze. Mwalimu wa shamba angeweza kusema “vizuri sana” na kurudi kwenye boga lake, kama wafanyavyo wengi, na mtoto angejua amesikilizwa kwa adabu tu. Aliliweka boga chini. Akachuma jani moja lenye kikonyo kirefu akampa. Mvulana akalitazama, akalikataa, akachuma dogo zaidi, la tatu kutoka nchani. Akavunja kikonyo kidogo mwishoni, akavuta, na uzi mrefu wenye vinywele vya kuchoma ukaambuka kutoka kwenye kikonyo mpaka mgongoni mwa jani. Akavuta wa pili, na wa tatu. Jani likabaki laini, tayari kukatwakatwa.

Akampa mwalimu ajaribu. Mwalimu akavuta, uzi ukakatika nusu. Mvulana akamshika kidole gumba akakisogeza chini zaidi, vilevile kama yeye anavyowashika watoto kwenye mtufaha, na bila neno. Uzi wa pili ukaja mzima. Kwa nusu saa iliyofuata darasa zima lilikuwa linaambua majani, na mvulana yule alipita kwa kila mtu akikagua.

Nilichokisubiri ni wiki iliyofuata, darasa jingine, ambamo hapakuwa na mtoto wa kwetu hata mmoja. Alipofika kwenye maboga, alichuma la tatu kutoka nchani. Akavunja kikonyo, akavuta. Alikuwa amefanya mazoezi. Nyuzi zote zilitoka nzima. Aliwaambia watoto kwamba hayo alifundishwa na mwanafunzi wa darasa la tatu wa Winooski, na akaendelea.

Viazi hupimwa langoni kwa mizani ya kuning'iniza kabla ya basi kuondoka, na watoto ndio hubeba magunia. Wakipungukiwa, hurudi tutani. Alhamisi nilikwenda shuleni kwao wakati wa chakula cha mchana. Vermont ilipitisha sheria mwaka 2023 kwamba kila mwanafunzi wa shule za umma apate kifungua kinywa na chakula cha mchana bila malipo, hivyo foleni ni moja na hakuna wa kuonekana fukara. Mpishi alikuwa amevioka viazi na maganda yake, na karibu na trei pana za bati aliweka mitungi mitatu ya kioo ya kupigia kura kwa maharage: nimejaribu, nimependa, nimependa sana. Wa nne wa kusema sipendi haupo, na nadhani hapo pana busara kubwa, kwa sababu mtoto aliyejaribu amekwisha kufanya jambo la maana, na mdomo wake umeachiwa mlango wazi wa kubadilika. Hakuna anayelazimishwa. Yule msichana mtulivu wa Kivu alikula, akatia harage lake kwenye mtungi wa katikati, akasimama, akalitoa, akalihamishia wa tatu. Mpishi alimwona, akainama kupanga vijiko.

Safari ya mwisho ya mwaka jana ilikuwa wiki ya pili ya Oktoba. Umande ulikuwa umeshaganda mara mbili na majani ya maboga yalikuwa yamelala meusi. Basi lilipoondoka nilimfuata mwalimu wa shamba akirudi tutani kuokota vilivyosahaulika: glovu moja, viazi vidogo vilivyodharauliwa, ndoo. Karibu na mwisho wa tuta akasimama. Palikuwa na sehemu iliyosawazishwa kwa viganja vidogo, vizuri sana, hakuna ufa, na katikati kimechomekwa kijiti.

Akachimba kwa vidole viwili. Chini yake palikuwa na kiazi kizima, kizuri, cha ukubwa wa yai, mtoto amekizika tena.

Ardhi ya Vermont huganda ikawa jiwe, na kiazi kilichoachwa humo hufa kwa baridi. Alikifuta udongo kwenye suruali, akakitia mfuko wa koti. Kuna sanduku la mchanga stoo ambamo mbegu hulala mpaka mwezi wa tano, na madarasa yale hurudi mara ya pili kabla ya likizo ndefu. Kisha akajaza shimo, akalipapasa likawa kama lilivyokuwa, akakishika kile kijiti na kukikandamiza chini kwa kisigino cha gamboti, taratibu, mpaka kikasimama imara kiasi cha theluji kutokukiangusha.